Jina Lililoingia Katika Albamu ya Pili

Siku moja haijanitoka mpaka leo, mwanangu, nayo ni siku ya jua kali pale kijijini Vitshumbi, kwenye matanga ya mzee mvuvi. Kaa hapo, na hiyo simu iweke mfukoni. Umekuja kunieleza kwamba grupu yenu inamalizia albamu ya pili, na kwamba kuna mkubwa fulani atawalipia studio mradi jina lake lisikike katika wimbo mmoja tu. Umesema "mmoja tu" kwa sauti ileile ya baba yako. Basi nisikilize mimi shangazi yako kwanza, halafu utafanya unavyotaka, maana najua kichwa chako na cha baba yako ni kimoja.

Baba yako, Ramazani, alipata gitaa kabla hajapata viatu vya maana. Goma nzima ilikuwa inacheza rumba, yeye akaleta roki, gitaa linanguruma kama mashine ya kusaga mihogo. Mimi dada yake nilikuwa nyuma naimba sauti ya pili, na nyumbani mama anauliza ni binti gani wa Kiislamu anayepayuka namna ile. Ngoma alipiga Paluku, kijana mpole, mtoto wa mvuvi wa Vitshumbi. Albamu ya kwanza tuliirekodia katika gereji huko Keshero. Ukiisikiliza vizuri utasikia jenereta ikikohoa nje.

Watu waliipenda sana. Unaijua desturi ya wanamuziki wetu: tajiri anatoa chochote, mwimbaji anakatiza wimbo, analitaja jina lake na kumsifu, ndiyo mabanga hayo. Ramazani alisimama jukwaani akasema sisi hatutupi mabanga, tunaimba mateso ya watu. Vijana wa mtaa wa Birere walipiga makofi mpaka nikalia, na mimi si mtu wa kulialia.

Ilipofika albamu ya pili, alitaka studio ya kweli. Akatokea mfanyabiashara mmoja wa mbao na makaa, mtu wa kula samaki kwenye hoteli za kando ya ziwa na kucheka na kila anayepita. Jina lake silitaji, kinywa changu hakilitaki. Mji mzima ulijua mbao zile zinatoka wapi, na ni watu gani wa bunduki wanaozisindikiza kutoka porini. Nilimwambia kaka yangu.

"Furaha, acha woga," akanijibu. "Ni jina moja, wimbo mmoja tu. Nani atakumbuka?"

Nilikataa kuuimba wimbo ule. Ndiyo maana sauti yangu haimo. Waliuchagua wa polepole, aliouandika kaka yangu kwa ajili ya wavuvi. Katikati, gitaa linanyamaza, Ramazani analitaja jina, anamwita mtu yule baba wa wanyonge, na Paluku anapiga ngoma mfululizo chini ya jina hilo. Niseme ukweli, ndipo mahali pazuri kuliko pote katika albamu, na hilo linaniuma.

Albamu ilipokelewa vizuri mno. Redio ziliipiga asubuhi na jioni. Walioicheka ile ya kwanza wakasema sasa mmekomaa. Baba yako akaanza kutembea kwa mikogo, nikawa namtania kwamba shingo imeota mifupa mipya.

Kisha ikaja habari kwamba baba yake Paluku amepigwa risasi ziwani kwao Vitshumbi. Watu wa bunduki walitaka walipwe kwa kila mtumbwi unaotoka, mzee akakataa. Zaidi ya hapo sisi wa Goma hatukuambiwa. Tukapanda gari, Ramazani, Paluku na mimi. Paluku alibeba CD ya albamu mpya kifuani, ndani ya shati, kwa sababu mzee alikuwa akiiulizia kila wakipigiana simu, na hakuwahi kuisikia.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, na makorongo wakubwa wanatembea kati ya nyavu bila haya. Vijana wa kijiji, kwa kumheshimu marehemu, wakaiweka CD ile wafiwa wasikie kazi ya mtoto wao. Wimbo wa wavuvi ulipoanza, akina mama wakatikisa vichwa polepole. Halafu gitaa likanyamaza, jina likatoka.

Mama Kavira, mjane mwenyewe, aliinuka, akaenda mpaka kwenye redio, akaizima. Akamgeukia mwanawe.

"Paluku, huyu mutu ndiye bosi wa wale walimuua baba yako. Hapa kila mutoto anajua. Na wewe unamupigia ngoma?"

Paluku akaitazama mikono yake. Ramazani akaanza kusema hatukujua, mama, tunaapa hatukujua.

"Hamukujua kama atamuua muzee wangu," Mama Kavira akasema. "Lakini mulijua ni mutu wa namna gani."

Akaitoa CD, akaipangusa vumbi kwa kitenge chake, akamrudishia baba yako kwa mikono miwili. Heri angemtukana.

Paluku hakurudi nasi. Mpaka leo yuko hukohuko, anashona nyavu. Baba yako alimfuata mara nyingi wairekodi upya bila lile jina. Jibu lilikuwa lilelile: "Sina hasira na wewe, Ramazani. Mikono ndiyo imekataa." Na albamu ilikwisha kusambaa, imo kwenye simu za watu, kwenye magari, kwenye maboti ya bandari ya Kituku. Baba yako akiisikia ndani ya teksi alikuwa anashuka, anaenda kwa miguu.

Alipokufa, vijana wa mtaa, kwa mapenzi tu, waliupiga wimbo ule barabarani mbele ya nyumba. Nilitoka na kilemba cha msiba kichwani, nikauzima kabla jina halijafika. Wewe ulikuwa mdogo. Ulinililia kwa nini nimeuzima wimbo wa baba, na ulininunia muda mrefu. Leo nimekujibu.

Sasa nasaha yangu. Mtu akitaka jina lake liingie katika wimbo wako, uliza kwanza mali yake imepita juu ya nani, usijifanye hujui unachokijua. Lipeleke jina hilo mbele ya mjane mmoja, uliimbe huku anakutazama. Likikukwama kooni, rudini gerejini mrekodi na jenereta inayokohoa. Na mpiga ngoma wenu mwambieni kabla hajapiga.

Mungu akulinde, mwanangu, ailinde sauti yako na mikono ya wenzako. Na siku ya matanga yangu, wimbo wenu upigwe mpaka mwisho, asiinuke mtu kuuzima.