Kicheko cha Siku ya Msiba

Sostenes alimficha Bibiana kifo cha mama yake kwa miezi mitatu. Hakumficha kwa kunyamaza. Alimficha kwa kuishika karatasi ya msiba mkononi, kuikazia macho, na kumsomea maneno ambayo hayakuwemo.

Bibiana hakujua kusoma. Kwao Himo, baba yake aliona binti wa kwanza ana kazi ya kutosha migombani na kwa mbuzi, basi wadogo zake wakaenda shule na yeye akabaki. Lakini Mungu alimpa vidole. Alipofiwa na mumewe aliuza nguo sokoni miaka sita, akazijua kwa kuzishika. Angefumba macho akakuambia hii pamba tupu, hii imechanganywa, hii itachuja ukiifua mara mbili. Sostenes, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ametangulia Guangzhou, Uchina, kununua vitambaa. Akaona vidole vile vinamfaa. Mwezi wa tatu mwaka 1998 akamchukua.

Wafanyabiashara wachache wa nyumbani waliokuwa kule walikuwa na desturi moja. Mgeni akifika lazima aandikishwe polisi, na akihama chumba aandikishwe tena. Kazi hiyo ilitaka mtu anayejua Kichina cha kuombea na dirisha la kupanga foleni, kwa hiyo pasipoti zote zilikaa kwa mkuu wa msafara. Mkuu alikuwa Sostenes. Alizifunga tumboni kwenye mkoba wa ngozi, chini ya shati, watu kumi na wawili, pamoja naye mwenyewe, ndani ya kitambi kimoja. Walimtania kwamba ana mimba, wakamuuliza atajifungua lini. Bibiana alimpa yake siku ya kwanza, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu kitu kwa heshima.

Chumba chake, karibu na jengo la Tianxiu, hakikufungwa kwa nje hata siku moja. Ufunguo alikuwa nao. Asubuhi alipanda basi kwenda Zhongda, soko la vitambaa, akapita kibanda hadi kibanda akipapasa majora na kusema “bu yao,” sitaki, mpaka wenye maduka wakaanza kumwita laoban, bosi, nusu kwa kumcheka na nusu kwa kumwogopa. Ungemuuliza wakati ule angekuambia yuko huru kuliko alivyowahi kuwa. Hapakuwa na mama mkwe wala mzee wa ukoo wa kumuuliza ametoka wapi.

Mwezi wa kumi na moja, msichana wa ofisi ya mizigo, iliyokuwa na mashine ya faksi, alimkabidhi karatasi. Bibiana alitambua neno moja tu, jina lake, kwa sababu alizoea kuliona likiandikwa kwenye marobota. Akashuka nayo ghorofa tisa, akavuka barabara, akampelekea Sostenes ghalani.

“Shemeji, nisomee.”

Sostenes akaisoma yote kimya kwanza. Wiki ile kontena lilikuwa wazi, nusu tupu, na mwenye vidole vya kuchagua vitambaa alikuwa mmoja.

“Ni mdogo wako Didas. Anasema mzigo wa kwanza umefika salama. Vitenge vimegombewa.”

“Na mama?”

“Mama anakusalimia. Anasema usilegee.”

Bibiana akacheka. Akapiga vigelegele katikati ya marobota, na wapakiaji wa Kichina nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Jioni alinunua samaki mzima, akaalika wenzake, akamla mpaka kichwa. Huko Himo mama yake alikuwa hajazikwa. Walikuwa wanamngoja binti wa kwanza aje atie udongo.

Karatasi ile aliiweka chini ya godoro. Akichoka, aliitoa na kuipapasa, maana alijua ndani yake mna salamu ya mama.

Mwezi wa pili, mwaka mpya wa Kichina ukaingia, maduka yakafungwa, na mtaa ukawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Mueni, mwanamke wa Machakos aliyenunua viatu vya kupeleka Nairobi, alikaa chumba cha jirani. Akaja kunywa chai. Bibiana akamtolea karatasi.

“Nisomee salamu za mama. Nataka kuzisikia kwa sauti ya mwanamke.”

Wino ulikuwa umeanza kufifia. Mueni akaisogeza dirishani, akasoma, akaweka kikombe chini.

“Hii ulisomewa na nani?”

“Shemeji.”

“Akasema ni habari ya nini?”

“Mzigo umefika.”

“Dada, keti.”

“Nimeketi, Mueni. Unanitisha.”

“Inasema mama alilala Jumanne. Inasema watakungoja mpaka Jumamosi.”

“Jumamosi ipi?”

“Ya Novemba, dada.”

“Nilikula samaki,” Bibiana akasema.

Hakulia. Ila tangu saa ile kicheko chake kilianza kumfuata. Alikisikia kwenye ngazi, akakisikia ndani ya basi, cha mwanamke mwenye raha, na kila alipogeuka hapakuwa na mtu. Zhongda ilipofunguliwa, aliweka mkono kwenye jora jeusi akauona mkono mwingine upande wa pili, wenye mishipa na kovu la mundu kama wa mama yake, unapapasa kitambaa kama unamuuliza kama kitafaa.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, watu wa msafara walikusanyika kula. Bibiana akasimama.

“Shemeji, naomba pasipoti yangu.”

“Ya nini? Kesho tuna kazi.”

“Naenda kumzika mama.”

Sostenes akafuta mdomo taratibu. “Mama amezikwa kitambo. Ningekuambia, ungefanya nini? Kontena lilikuwa wazi. Nilikubebea huzuni yako mpaka kazi iishe. Mwingine angeshukuru.”

“Hukuibeba wewe. Niliibeba mimi toka ghorofa ya tisa, nikakuletea mkononi.”

“Sasa nani amekufunga? Ufunguo unao, miguu unayo, mji wote umeuzunguka. Una uhuru kuliko mke wangu.”

Mmoja akacheka puani. Wengine wakatazama sahani zao, kwa kuwa kila mmoja pasipoti yake ilikuwa kwenye tumbo lile.

“Huo ni uhuru wa punda,” akasema Mueni, aliyekuja naye. “Hata punda anauzunguka mji wote. Muulize amebeba nini.”

“Wewe Mkenya, haya ni ya familia.”

“Basi mpe kifamilia.”

Sostenes akafungua mkoba, akaitupa pasipoti mezani kati ya mifupa ya kuku. Bibiana akaifuta kwa kanga. Halafu hakuondoka upesi. Alisimama akingoja mwingine anyooshe mkono aombe yake. Wote walikuwa wamesikia, na hakuna aliyenyoosha.

Himo alifika mwezi wa tatu. Didas hakumpa mkono. Kumbe siku ileile ya faksi Sostenes alijibu: Bibiana anasema biashara haingoji, mzikeni tu. Bibiana akatoa karatasi yake kujitetea, nayo ikamshitaki.

“Jina lako si hili?” Didas akauliza. “Uliipokea mwenyewe.”

“Shemeji alinisomea mengine.”

“Na aliyekusomea ndiye aliyetutumia fedha za saruji ya kaburi. Tumwamini nani, dada?”

Sasa amepanga chumba karibu na soko, anauza vitambaa, na wateja wanasema hakuna anayejua nguo kama yeye. Harusi ikipita barabarani na wanawake wakapiga vigelegele, huacha mita ya kupimia kitambaa, huziba masikio, kwa sababu kati ya sauti zile kuna moja anayoijua. Kaburini huenda peke yake, asubuhi, kabla Didas hajatoka. Anashika udongo. Hautii mahali popote, maana shimo lilijazwa bila yeye.

Sostenes bado anadaiwa. Anadaiwa kuja Himo, asimame penye saruji yake mbele ya Didas na ukoo wote, aseme kwa sauti yale aliyoyasoma kimya siku ile, neno kwa neno, kisha aseme yale aliyoyatunga mwenyewe. Na wale kumi waliokula kuku naye Jumapili ile wanadaiwa ushahidi. Walimsikia akikiri kwa kinywa chake. Wengi wamekwisha rudi nyumbani, wanapita mbele ya meza ya Bibiana, wananunua kitenge, wanamsalimia vizuri, na hakuna hata mmoja aliyepanda kwa Didas kusema alichosikia.