Mchagua kanda wa Makina akwama kwa mteja mmoja

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Boaz Wakoli anafungua kibanda chake Makina, Kibera. Anapangusa kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti, anategea sikio spika, kisha anaguna. Utepe umejikunja. Anatoa kanda, anapenyeza kalamu kwenye tundu na kuizungusha pole pole.

Nje kuna benchi. Huuziwi kanda hapa kabla hujaketi na kusikiliza upande mzima. Mwenye haraka huelekezwa kwa jirani anayeuza nyimbo zinazovuma.

Boaz alitoka Bungoma akiwa seremala. Siku moja huko Kawangware alinunua sanduku la santuri kuukuu kwa mchuuzi wa mitumba. Santuri hakuzitaka, alitaka mbao za sanduku atengenezee kabati.

"Nikasema wacha nisikie moja kabla nitupe," anasimulia akicheka. "Hiyo kabati sijaitengeneza mpaka leo."

Leo hii, mwaka wa 1996, anarekodi blues, jazz ya gita na soul kwenye kanda za shilingi themanini. Santuri za zamani anazo. Albamu mpya na zile zilizotolewa upya huletewa na watu wanaosafiri. Lakini kinachowavuta watu kwake ni namna anavyowachagulia. Haulizi mtu anapenda nini. Anamuuliza ametoka kufanya kazi gani.

Fundi wa mawe hupewa blues ya mtu mmoja na gita lake, isiyo na pupa. Msusi hupewa soul yenye wanawake wanaoitikiana. Anayeanza kabisa hushauriwa aanze na soul ya zamani iliyotolewa upya, kwa kuwa besi yake husikika hata kwenye redio ndogo. Si kila albamu iliyotolewa upya anaipenda, hata hivyo.

"Zingine wamesafisha sauti mpaka wakamtoa hata mwenyewe anayeimba," anasema, na uso unamkunjamana kweli kweli.

Mteja mmoja tu amemshinda. Ni Nthenya, Mama Muema, anayeuza sukuma wiki Silanga, huko huko Kibera. Mumewe, Makau, alikuwa akipiga gita kwenye harusi, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Tangu afe, gita limeangikwa ukutani, na Nthenya anahisi sauti ya gita hilo inamtoka kichwani. Anataka kanda itakayomrudishia mkono wa Makau, yaani upigaji wake, kabla haujapotea kabisa.

Kwa majuma kadhaa Boaz amempa blues baada ya blues, za kuchoma moyo, akiamini mjane anajulikana atakalo. Zote zimerudi.

Leo Nthenya amefika, kikapu mkononi, na hata hajaketi.

"Boaz, hawa watu wako wote wako matanga."

"Pole, Mama Muema. Nilidhani..."

"Ulidhani nakuja kulia. Nani alikuambia? Makau alikuwa anapiga watu wanacheza mpaka viatu zinaisha!"

Boaz anaiweka chini kalamu. Katika majuma yote hayo, swali analomuuliza kila fundi na kila msusi hakuwahi kumuuliza huyu. Alimwona mjane, akaishia hapo. Aibu inampanda waziwazi.

"Kaa basi," anasema. "Unieleze alikuwa anapiga vipi."

Nthenya anaeleza kwa vidole: gumba likishika besi, vingine vikikimbia juu, haraka, kama anayechambua maharagwe. Boaz anapekua rafu na kuteremsha jazz iliyotolewa upya, ya wapiga ala watatu bila mwimbaji. Anaiweka.

Nthenya anasikiliza ameinamisha kichwa. Mguu unaanza kugonga vumbi. Boaz anautazama huo mguu na kusahau wateja wengine. Upande unakwisha.

"Huyu si Makau," Nthenya anasema.

Boaz ananyoosha mkono airudishe rafuni.

"Lakini Makau angesikia hii, kesho yake angekuwa ameiba yote." Anacheka, machozi yakimlengalenga. "Nirekodie."

Boaz anaweka kanda tupu, lakini kuna jambo linalomkereketa. Anauliza kama Makau alikuwa akipiga peke yake.

"Na Nzomo. Yeye ndiye alimfunza. Ako Kawangware, bado anapiga."

Boaz anazima mashine. Redio yake ina maikrofoni ndogo ambayo hajaitumia hata siku moja.

"Miaka yote narekodi watu wa ng'ambo," anasema taratibu, "na wetu wanaenda na mikono yao."

Sasa mpango wake ni huu: kesho baada ya kanisa ataibeba redio hadi Kawangware, na Nzomo akikubali, atakuwa wa kwanza. Baadaye atawatafuta wapiga gita wote wa Kibera, mmoja mmoja. Anamwomba Nthenya amsindikize, aketi karibu na amwambie ni wapi anapomsikia Makau.

Nthenya anajitwika kikapu.

"Nitakuja na gita yake, Nzomo apige na hiyo," anasema. "Lakini kukaa, sikai. Nitacheza."