Mpangaji Kutoka Rhode Island

Bi Fakhria binti Hamdun alikuwa mjane mwenye nyumba karibu na soko la Tabora. Mwaka 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa zimeungana juzijuzi tu, alimpangisha chumba mwalimu wa Kimarekani aitwaye Alden. Hakumwamini tangu mwanzo. Shikamoo yake ilikuwa safi mno kwa mgeni, na alipenda kuuliza. Alipojua kwamba mama ana ndugu Unguja, akauliza kama wamesalimika katika Mapinduzi ya Januari. Bi Fakhria akajibu kuwa Mungu ndiye ajuaye, akaenda kutazama chungu jikoni.

Jioni moja barazani Alden alisimulia habari za kwao. Rhode Island, alisema, ilianzishwa na watu waliofukuzwa na majirani zao kwa ajili ya dini. Ikawa koloni la Mwingereza, ikamkana mfalme kabla ya makoloni mengine. Lakini wenzake walipotaka kuwa nchi moja, ikagoma. Ilikuwa ndogo, ikahofia kumezwa. Mpaka walipotishia kuitoza ushuru kama nchi ya kigeni, ndipo ikaingia, tena kwa tofauti ya kura mbili.

Bi Fakhria aliuliza kama ni kisiwa. Alden akacheka, akasema sehemu kubwa ni bara, kisiwa ni jina tu. Hapo moyo ukamlipuka mama wa watu. Kisiwa kisicho kisiwa, kinachoogopa kumezwa! Huyu anamtega aropoke habari za Muungano, kesho aitwe polisi. Hata hivyo hakuweza kujizuia kuuliza.

"Na wale waliokataa," alisema taratibu, "walifanywa nini?"

"Hawakufanywa kitu, mama. Walirudi mashambani kwao."

Hakusadiki. Yeye aliwajua watu waliokimbia bila hata kuulizwa kura yao.

Haikupita wiki akaja bwana mmoja wa serikali, Masolwa, mpole, akanywa kahawa, akauliza mpangaji huzungumza nini. Bi Fakhria alimpima kwa macho. Kumtaja Alden kungemwondolea mgeni nyumbani. Lakini huyu bwana wa serikali naye hakumjua, na neno likishatoka halirudi. Akasema kijana hulalamikia mbu na pilipili, basi.

Masolwa alipokwenda zake, Bi Fakhria akamwita Alden.

"Hadithi ile usiisimulie tena, mwanangu. Huku watu watasikia jina jingine."

Alden akawa mwekundu, akaomba radhi. Alikaa hapo mpaka alipohamishiwa Kaliua. Siku ya kuondoka Bi Fakhria alimfungia maandazi ya njiani, akamwombea dua. Kisha akaingia chumbani, akageuza godoro, akapekua kila pembe. Hakukuta kitu. Hata hivyo hakupangisha mgeni tena.