Darubini ya Maalim

Juzi nilipeleka saa yangu kwa fundi mmoja wa Chake Chake anayeuza pia darubini. Nikamkuta maalim wa chuo chetu akichagua ya kuutazamia mwezi wa Ramadhani. Aliyoimudu ilikuwa moja tu, ya bei rahisi. Akaielekeza nje, akashtuka.

"Mbona mnazi umesimama kwa makuti?"

"Hiyo ya nyota, Maalim, hupindua kila kitu. Mbinguni hakuna juu wala chini."

"Lakini Kadhi huwauliza mashahidi pembe za mwezi zilielekea wapi. Nitamjibu nini mie?"

Maalim akaigeuza darubini, akainama akajigeuza na yeye, kofia ikamwanguka. Akainunua vivyo hivyo.

Nimetoka nimechanganyikiwa: tutafunga kwa alichokiona, au kwa alichokigeuza?