Beringi ya Marehemu

Fundi hana makelele. Wuryani, anayeuza kahawa mlangoni pa gereji yake mjini Surabaya, akimwona anafuta mikono hujua kaja mama asiyejua gari. Fundi huchungulia uvunguni, akatikisa kichwa, akapotelea nyuma ya rafu, kisha hurudi na beringi yenye kutu, ameilaza viganjani kama kifaranga. "Jionee mwenyewe, mama. Hii ingekufia njiani, leo tungekuwa matangani." Beringi ni ile ile, Wuryani ameshaiona ikitoka kwenye magari tisa.

Leo mjane wa mwalimu aliipokea, akaitazama mno. "Naondoka nayo, mwanangu. Mzee wangu kaendesha gari na hii miaka ishirini."

"Itakuchafua, mama."

"Na inichafue."

Fundi akaichukua, akaisugua kwa petroli mpaka ikang'aa, akaifunga kwenye gazeti, akamkabidhi kwa mkono wa kulia, ameinamisha kichwa. Wuryani alifungua kinywa aseme, akamwona mjane kaikumbatia kifuani. Akarudi kwenye birika lake la kahawa. Gari lilipokata kona, fundi alikwenda kwenye rundo la vyuma vibovu, akapekua bila haraka, akachagua nyingine yenye kutu nzuri.