Wimbo wa Matanga Ndani ya Gemu

Intaneti ilipofika Korogwe, mimi na rafiki niliyesoma naye sekondari Handeni tulianzisha tovuti ya muziki wa gemu. Biashara zilikuwa zimeruhusiwa kwa yeyote, na kila mwenye chumba cha mbele alikuwa anauza kitu. Mimi nilipata kazi kwenye chumba cha intaneti pale Masuguru. Mwenzangu alikuwa Dar es Salaam anasomea kompyuta. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na banda la gemu, na miziki yake ilipenya kwenye tofali mchana kutwa, hadi nikajikuta naimba nikiwa bafuni. Nikiuliza katunga nani, hakuna aliyejua. Ndipo tukaona pawe na mahali pa kuandika kwa Kiswahili: gemu gani, muziki gani, katunga nani.

Sharti la nini kiingie na nini kisiingie nililiandika mimi mwenyewe. Lilisema muziki wowote unaosikika ndani ya gemu una nafasi kwetu.

Mwenzangu alilipenda sharti hilo kuliko nilivyolipenda mimi. Alianza kuleta milio ya mashine za kamari, ile inayolia mtu akishaliwa hela yake ya sukari. Nikamwambia hiyo inanitia kinyaa. Akanijibu, "Kinyaa chako hakimo kwenye sharti." Tukaiweka.

Kisha akaja likizo na sidii ya gemu aliyoinunua Kariakoo, ya kunakili, kasha lake picha imefifia. Tuliifungulia pale kazini. Mchezaji ni mzungu mwenye bunduki anayeingia kwenye kijiji cha watu weusi waliotobolewa pua kwa mifupa. Anachoma nyumba. Ukichoma nyumba unapata pointi, na wanawake wanakimbia huku vifua wazi, wanapiga kelele kama mbuzi. Nilitaka kuizima hapo hapo. Mwenzangu akasema, "Subiri usikie muziki wa hapa."

Zilianza ngoma, za kompyuta, hazifanani na ngoma yoyote niliyowahi kuisikia. Juu yake zikaingia sauti za wanawake, na sauti hizo hazikuwa za kompyuta. Walikuwa wanaimba Kizigua. Nilisikia maneno moja baada ya jingine, na mate yakanijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Ni wimbo wanaoimbiwa akina mama waliofiwa na mtoto mchanga. Kwetu Mazingara hauimbwi nje. Wanawake wanakaa na mfiwa chumbani, mlango umerudishwa, wanamwambia kwa sauti ya chini alale, maziwa yatakauka yenyewe. Mimi niliusikia kupitia ukutani dada yangu alipofiwa. Na anayeongoza mle ndani ya gemu alikuwa shangazi yangu. Sauti yake ina mkwaruzo, huwezi kuipoteza.

Nilimwambia mwenzangu. Alinitazama, kisha akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

"Basi sisi ndio pekee duniani tunaomjua mwimbaji," akasema. "Hii tunaiweka leo."

"Hatuiweki."

"Kwa nini? Ni muziki, na umo ndani ya gemu."

Nilimwomba asubiri nikamwone shangazi, akakubali.

Nilikwenda Mazingara na kinasa sauti kidogo nilichorekodia ule wimbo. Shangazi nilimkuta anapepeta mahindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Nilimwambia nimeisikia sauti yake mahali, kisha nikamsikilizisha. Aliweka ungo chini. Aliusikiliza hadi wimbo ulipofika mwisho na kuanza upya, maana ndani ya gemu unajirudia bila kukoma.

"Wale wageni," akasema. "Walikuja na gari, wewe ukiwa shule. Walisema wanakusanya nyimbo za akina mama ili zisipotee. Tukawaimbia za kulima, za harusi. Wakauliza kama ipo nyingine. Mwenzetu mmoja akataja huu. Tukaingia nao ndani, tukafunga mlango kama inavyotakiwa. Walitugawia sabuni."

"Na sasa wameuweka wapi?" shangazi akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia kuna mchezo wa kwenye runinga, mtu anachoma nyumba za watu, na wimbo ndio unaosikika wakati anachoma. Shangazi alitema mate pembeni, akayafukia kwa kisigino.

"Andika kwamba ni wetu na ni wa nini," akasema. "Lakini sauti usimpe mtu."

Nilirudi Korogwe nikaandika ukurasa: wimbo ni wa matanga ya mtoto mchanga, umetoka kwa wanawake wa Kizigua, umechukuliwa kwa hila, sauti haitolewi. Mwenzangu alikuwa ameshaondoka kurudi chuoni. Siku iliyofuata nilipofungua, maneno yangu yalikuwa yamefutwa. Palikuwa pameandikwa "muziki wa asili, mtunzi hajulikani", na chini yake sauti yenyewe, yeyote aichukue. Nikaitoa, akairudisha. Nikampigia simu.

"Sisi tunaorodhesha, hatuhukumu," akasema. "Ukianza kutoa kila kinachokuudhi, tovuti itabaki na nini?"

"Unajua wanaoimba ni akina nani. Tukiwa shule umeshakula nyumbani kwa shangazi."

"Nimekula, ndiyo. Lakini sharti uliliandika wewe."

Baada ya hapo nywila yangu ya tovuti ikakataa kufungua.

Muda si mrefu wimbo ukawa mlio wa simu. Niliusikia stendi ya Korogwe, kwenye simu ya kijana anayeuza machungwa. Aliuacha ulie kidogo kabla ya kupokea, akitikisa kichwa kwa zile ngoma. Hakujua Kizigua, na simlaumu. Lakini nilishindwa kula siku ile. Kila nilipoona chakula nilikumbuka yale mate ya shangazi.

Mwenzangu tumeonana mara moja tu tangu hapo, msibani Handeni. Alinyoosha mkono, nikauchukua kwa sababu watu walikuwa wanatazama, kisha nikaenda kunawa. Tovuti aliichoka mwenyewe, ikazimika. Sauti haikuzimika nayo. Ilishaenda kwa watu.

Baadaye binti wa jirani wa shangazi alifiwa na mtoto wa siku chache. Wanawake waliingia chumbani, wakarudisha mlango, wakamngoja shangazi aanze wimbo. Mama yangu alikuwemo, ndiye aliyenisimulia. Anasema shangazi alikaa pale, mkono begani kwa mfiwa, na hakufungua mdomo. Mmoja akamgusa goti. Shangazi akasema, "Huo umeshashikwashikwa." Wakakaa na mfiwa kimya mpaka alfajiri.