Seenoi na Saa ya Kufungua Bomba

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Ukungu ulishuka kutoka msituni tangu alfajiri, manyunyu hayakukatika, na udongo mwekundu wa Karatu ulinata kwenye viatu vya kila aliyekuja kwenye mkutano wa kitongoji.

Seenoi alifika ameshika ndala mkononi. Ana miaka ishirini na mitatu. Alitoka Nainokanoka baada ya ng'ombe wa baba yake kufa kwa ukame, akapata kazi ya kufua mashuka katika loji ya watalii. Amepanga chumba na Doreen, msichana wa Loliondo anayefanya naye kazi.

Bomba la kitongoji hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Wao huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia, kwa hiyo huchota maji korongoni, mifugo inakonyweshwa. Mwezi uliopita Doreen alilazwa kwa homa ya matumbo. Wasichana wapangaji wakakubaliana kwamba Seenoi asimame mkutanoni, aombe bomba lifunguliwe alfajiri.

"Ukitetemeka niangalie mimi," Doreen alimwambia. "Nitakukunjia sura mpaka ucheke."

"Sura yako hiyo? Haina haja ya kukunjwa."

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti, mzee Inosenti, alishusha pumzi. "Mpangaji leo yupo, kesho hayupo. Lakini sema, binti. Kwa kifupi."

"Mwenyekiti, sisi tunaotoka mapema..."

Hapo akaingia mzee Lemayian, mlinzi wa usiku, wa rika moja na baba yake Seenoi. Kwa Wamaasai, mzee wa rika la baba ni baba. Seenoi aliacha maneno yake, akapita katikati ya watu, akamwinamishia kichwa. Mzee akamwekea mkono utosini.

"Msemaji kaenda kubarikiwa!" mtu akapaza sauti nyuma. Watu wakacheka.

Aliporudi mahali pake hakuendelea. Hakuweza kupaza sauti mbele ya baba aliyekaa kimya. Alimtazama, akitafuta ruhusa. Mzee alikuwa ameangalia chini. Seenoi akaketi.

"Amemaliza," alisema Inosenti. "Wanaotaka saa za bomba zibaki zilivyo, wanyooshe mikono."

Wenye nyumba karibu wote walinyoosha. "Basi, suala hili limefungwa mpaka mkutano wa Juni."

Nje, Lemayian alimfuata. "Binti yangu, mbona ulinyamaza?"

"Nilikusubiri, baba. Nilidhani hutaki niseme."

"Nimetoka lindoni sijalala, nimekuja kukusikia wewe. Niliangalia chini ili usinionee haya."

Seenoi alitazama matope yaliyoganda miguuni pake.

Kesho yake asubuhi, kabla ya misa, Seenoi alipiga hodi kwa Inosenti. Alisimama wima mlangoni, akaeleza habari ya korongo na ya ugonjwa wa Doreen mpaka mwisho. Inosenti alimsikiliza huku akifunga vifungo vya shati, kisha akasema uamuzi ni wa mkutano, si wake.

"Basi Juni nianze mimi kusema," alisema Seenoi.

Akaichukua ndoo aliyoiacha ukutani, akapita mbele ya bomba lililofungwa, akateremka korongoni.